Sarafu Iliyoitwa Jiwe

Wanawake wanaosukwa nywele na Maximilla pale soko la Kibuye, Kisumu, humsifu kwamba ni mpole. Wakisema hivyo mimi huinama nikacheka, mkono mdomoni. Maximilla niliyekua naye mtaa wa Nyalenda hakuwa mpole hata siku moja, na akinyamaza leo ni kwa sababu amechoka kuulizwa. Mimi Dorca sijachoka. Nina hasira ya kunitosha mimi na yeye, na mtu asiniambie niipunguze, maana nilikuwepo.

Baba yake, Wanyonyi, alitoka upande wa Bungoma akaja kupakua magunia bandarini, akafa kabla mtoto hajajua kutembea. Mama yake, Nabututu, alibaki na chumba kimoja cha matope, mabati juu, na binti huyo mmoja. Kwao hakurudi. Kila asubuhi alipanda Milimani, mtaa wa wakubwa, kufua, kupika na kulea watoto wa Mzungu mmoja wa serikali, na shule zikifungwa alimchukua Maximilla amsaidie kubeba ndoo.

Kwenye veranda ya nyumba ile palikuwa na kiti cha henzerani chenye mito ya maua. Siku moja mguu wa Nabututu ulikuwa umevimba, akakikalia kidogo akimenya viazi. Mke wa Mzungu akatoka, akamwinua mbele ya watoto, kisha akamwagiza mtunza bustani alete maji ya dawa akifute. Maximilla alikuwa amesimama hapo na ndoo yake. Alikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kutojua kinachofutwa ni nini.

Basi uhuru ukaja. Tulipeperusha vibendera mpaka mikono ikauma. Mzungu akafunga masanduku, akaondoka, akaacha nyumba, vyombo na kiti. Akaingia Bwana Absalom, mtu wetu kabisa, mkubwa wa ofisi pale mjini, pamoja na mkewe na binti yao Awuor aliyelingana na sisi umri. Nabututu walimkuta jikoni, wakabaki naye kama walivyobaki na masufuria.

Wiki ya kwanza Nabututu alifurahi kweli. Aliwapelekea chai verandani, akamimina, halafu akajiketia kwenye kile kiti apumue, kama mtu anavyoketi kwa watu wake. Mke wa Absalom alimtazama mpaka akajua. Kisha akamwambia, "Mama, hiyo kiti si ya watu ya kazi."

Hakukuwa na maji ya dawa safari hii, hilo nalikubali. Lakini mama yule ndiye aliyekuwa akijipaka krimu ya kung'arisha uso asubuhi na jioni, na ndiye aliyemwambia Maximilla, huku akicheka, asimshike Awuor mikono asije akamwambukiza weusi. Alisema ni utani. Mwenye nyumba alibadilika rangi, kiti hakikubadilika, na Maximilla akayaweka yote mawili kichwani.

Alipoyatolea ni mferejini.

Mfereji wetu wa Nyalenda ulikuwa mmoja na watu ni wengi, na maji yalikuja yalipopenda. Wasichana tulikaa juu ya madebe tukingoja, na katika kungoja tulicheza mchezo wa wakubwa. Anayejua Kisumu anajua mambo ya nyatiti. Mzee anapiga nyuzi zake nane, watu wanacheza, na mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, akitaka kujisifu anatupa sarafu mbele ya mpigaji. Sarafu ikianguka, nyuzi zinanyamaza. Hata awe ni maskini, hata mwenye boma awe hampendi, atasikilizwa mpaka amalize kujitaja yeye ni nani na anatoka wapi. Hiyo ndiyo pakruok. Wanaijua wazee na wanaijua watoto wachanga. Sisi hatukuwa na sarafu, kwa hiyo tulitumia vifuniko vya soda. Kifuniko kikilia ndani ya karai, midomo yote inafungwa, na aliyekirusha anajisifu.

Kila mmoja alikuwa na kwao. Mimi nyar Kano, yaani binti wa Kano. Mwingine nyar Seme, mwingine nyar Alego. Siku Maximilla alipotupa kifuniko chake mara ya kwanza alisema, "Mimi nyar Kisumu," na foleni nzima ikacheka. Msichana mmoja mkubwa akamwambia Kisumu ni mahali pa kazi, hakuna mtu ambaye kwao ni Kisumu, na yeye ni jamwa, mgeni, aende akajisifie Bungoma. Bungoma yenyewe Maximilla hakuwahi kuiona. Alizaliwa hatua chache kutoka mfereji ule. Alibeba debe lake akaondoka kwa hatua za hasira, na maji yakamwagika njia nzima.

Kesho yake alirudi, akatupa kifuniko, akasema hivi:

Mimi Maximilla, nyar Kisumu,
binti wa mfereji na foleni ndefu.
Mweusi kama sufuria iliyowapikia mkashiba,
kisha mkaigeuza, mkasema ina masizi.
Sina kwetu kwingine pa kurudi,
kitovu changu kimezikwa chini ya madebe yenu.
Mkitaka niondoke, fukueni.

Hakuna aliyecheka. Yule msichana mkubwa alisogeza debe lake, akampisha achote kwanza. Tangu siku hiyo Maximilla alikuwa akiongeza mistari kila wiki: juu ya askari wa hoteli aliyetufukuza getini tukiuza karanga, juu ya mwenye duka aliyefuta kioo tulipokishika tukitazama mdoli mwenye nywele za manjano. Shairi likawa refu, na likawa letu sote, lakini kila mtu alijua mwenyewe ni nani.

Maximilla alifaulu mtihani wa darasa la saba, nami pia, tukaingia shule moja ya wasichana ya hapo mjini. Zamani haikuwa ya watu weusi, na mwalimu mkuu alikuwa bado mama wa Kiingereza ambaye alikuwa ameishi Kisumu miaka mingi bila kujifunza hata kusalimu. Awuor naye alikuwa pale. Kiswahili tulifundishwa na Mwalimu Walter, kijana wa Ahero, suruali pana chini, raba nyeupe, na sauti ya kubembeleza.

Naomba msomaji amwangalie sana Walter. Mjomba wake alikuwa mpiga nyatiti. Alituambia mwenyewe. Alituambia pakruok ni ushairi kama ushairi mwingine wowote, na ili tuamini alitutaka tuifanye darasani. Tulirusha vipande vya chaki mezani pake, na kila chaki ilipoanguka yeye alinyamaza, akakunja mikono, akasikiliza. Hapo ndipo alipolisikia shairi la Maximilla. Alilipenda. Alimwomba aliandike, kwa sababu shule ilikuwa na ukumbi mpya wa kufungua, na mgeni wa heshima alitaka kitu cha Kiswahili ambacho wazazi wataelewa.

Maximilla aliliandika usiku kucha, na asubuhi alimpa. Liliporudi halikuwa lake. Walter alikuwa ameondoa neno "mweusi" kila mahali. Sufuria hakuna, askari hakuna, kioo hakuna. Sasa lilianza hivi: "Mimi binti wa Kisumu, mji wa ziwa ling'aalo, nyumba safi, njia safi, maua yapendezayo." Mtu aliyewahi kupita Nyalenda mvua ikinyesha na aniambie hizo njia safi ni zipi.

Tena hakuishia hapo. Alisema litasomwa na Awuor. Maximilla alimwuliza kwa nini, na Walter akajibu kwa ile sauti ya kubembeleza, "Wapiga picha watakuja, na Awuor anatoka vizuri kwa picha." Awuor alikuwa mweupe wa kuzaliwa, na mimi simlaumu mtoto kwa ngozi yake. Maximilla alipangwa pamoja nami na wengine wa rangi yetu kugawa chai nyuma ya ukumbi. Niliuma meno mpaka taya ikaniuma.  Maximilla aliuliza tu mgeni wa heshima ni nani, akaambiwa ni Bwana Absalom.

Siku ilifika. Ukumbi ulijaa, akina mama wa Nyalenda na leso zao nyuma, wakubwa mbele kwenye viti vyenye mito. Absalom alikaa katikati, mwalimu mkuu kulia kwake, Walter ukingoni mwa safu hiyohiyo ya mbele. Awuor alipanda jukwaani na viatu vyeupe. Alisoma vizuri, sitamnyima hilo. Alipofika kwenye maua, Maximilla aliweka sinia la chai chini, akatembea mpaka katikati ya ukumbi, akatupa sarafu.

Ilianguka juu ya mbao za jukwaa ikalia, na mlio wake ukafika nyuma tulipokuwa. Ikabingirika kidogo, ikaingia kwenye ufa kati ya mbao mbili. Awuor akanyamaza katikati ya mstari. Hakuambiwa na mtu. Alinyamaza kwa sababu alikuwa mtoto wa pale, na sarafu ikianguka unanyamaza.

Na Absalom je? Absalom alitabasamu. Nilimwona kwa macho yangu. Aliinua mkono, kiganja nje, kama mzee yeyote kwenye nyatiti anayesema mpisheni ajisifu. Ukumbi mzima ukatulia. Maximilla akaanza, "Mimi Maximilla, nyar Kisumu," na aliposema mfereji na foleni, akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Alisema sufuria, akasema kitovu na madebe. Mkono wa Absalom ulikuwa bado juu, na kichwa kikiitikia. Ndipo akafika kwenye mistari ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia mferejini:

Kiti kilimfukuza mama chini ya bendera ile,
kikamfukuza tena chini ya bendera hii.
Sikilaumu kiti, kiti hakina mikono.
Nawatazama waliokishika.

Absalom alishusha mkono. Alijua ni kiti kipi. Mkewe alikitazama kitambaa cha mapajani kama mtu aliyeona mdudu.

Mwalimu mkuu hakuelewa shairi hata kidogo. Alichoona yeye ni msichana mweusi aliyetoka kwenye sinia za chai, akarusha kitu kwa mwenzake aliye jukwaani, na mwenzake akakatika sauti kwa hofu. Alisimama, mashavu mekundu, akauliza kwa Kiingereza ni nani huyu anayemrushia mwanafunzi jiwe.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo, na si kwa yule mama wa Kiingereza. Yeye alikosea, na kosa lake lingerekebishwa kwa neno moja. Ukumbi ule ulikuwa na wakubwa weusi safu nzima. Wote walizaliwa kando ya ziwa hili, wote walikuwa wametupa sarafu zao kwenye nyatiti Jumamosi iliyopita, na wote dakika moja nyuma walikuwa wamenyamaza kwa sababu walijua ni nini. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Walikuwa wakimtazama Absalom, na Absalom alikuwa akitazama viatu vyake.

Aliyesema ni Awuor. Alisema pale juu, kwa sauti ndogo, "Si jiwe, baba. Ni pesa." Baba yake akamwambia ashuke akae. Mimi nami nilisema, tena kwa nguvu, na nikaambiwa nikaoshe vikombe.

Wakubwa wa shule walikutana. Nabututu aliitwa akasimama nje ya mlango kwa saa nyingi. Ndani walimwuliza Maximilla kwa nini alirusha jiwe, naye akasema hakurusha jiwe, alitupa sarafu ajisifu, na kama hawaamini wamwulize Mwalimu Walter, ndiye aliyetufundisha darasani na alikuwa mbele kabisa. Wakamwuliza. Walter akakohoa, akarekebisha tai, akasema, "Sikuona vizuri."

Maneno mawili. Kwa maneno hayo mawili Maximilla alifukuzwa shule kwa kumrushia mwenzake jiwe, na kwa kuwa hakuna shule inayotaka mrusha mawe, hakuna nyingine iliyompokea. Nabututu naye aliambiwa na mke wa Absalom asipande tena Milimani. Huyo mama wa watu alianza kukaanga mihogo kando ya njia na miguu yake ileile ya kuvimba. Mwaka haukuisha kabla barabara za Nyalenda hazijaanza kumwita binti yake Maximilla Jiwe, na watoto ambao hawakuwepo waliitikia.

Alijifunza kusuka. Miaka ile wanawake walikuwa wakisukwa kwa uzi mweusi, nywele zinasimama juu kama taji, na mkono wa Maximilla ulikuwa mwepesi. Akapata kibanda Kibuye. Akisuka, alikuwa akitunga. Bi harusi akija kusukwa, aliondoka na mistari ya kujisifia harusini. Mjane aliondoka na ya kulilia. Walimlipa nywele, mashairi waliyabeba bure, na nikisikia watu wakiyasema mjini wanasema ni ya zamani, hayana mwenyewe. Nilimwambia mara nyingi hilo linaniudhi. Alinijibu nishike kichana.

Walter hakukaa vibaya. Akapanda cheo, akapanda kingine, akajenga nyumba ya mawe Nyamasaria, karibu na barabara ya Nairobi. Mwaka wa sabini na nane alifanywa mwalimu mkuu wa shule ileile, baada ya mama wa Kiingereza kurudi kwao. Akafanya karamu mchana wa Jumamosi, akachinja, akamleta mzee wa nyatiti kutoka Ahero. Mke wake alikuwa akisukwa Kibuye. Hakujua lolote la zamani, akamkaribisha msusi wake kwa moyo safi, na msusi akanichukua mimi.

Njiani nilimwuliza kama ana hakika anataka kwenda. Alisema anataka kusikia muziki.

Tulikaa karibu na wapishi. Nyatiti ilinoga, watu wakacheza, na Walter mwenyewe akatupa pesa, akasimama kujisifu. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele na sauti ilikuwa ileile. Akajiita mwana wa Ahero, fahali wa Kano, taa ya wasichana, mwalimu asiyepindisha kweli. Watu wakapiga makofi. Alipotaka kuketi, sarafu ikaanguka mbele ya mzee. Ilitoka mkononi mwa Maximilla.

Nyuzi zikanyamaza. Walter alipoona ni nani anakuja, aligeuka akatafuta mtu wa kumwita, lakini amwite nani? Sheria ni sheria, na boma likiwa lako ndipo inakubana zaidi. Ilibidi asimame pale alipokuwa.

Maximilla alilisema shairi lote, sufuria, madebe, askari, kioo na kiti. Hakuharakisha. Mke wa Walter alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, uzi wa nywele ukitikisika naye, kwa sababu alidhani ni heshima kwa mumewe. Lilipokwisha, Maximilla alimwinamia mpigaji. "Mzee, niazime sarafu yangu kidogo."

Mzee akampa. Akaenda nayo mpaka mbele ya Walter, akaiinua karibu na macho yake.

"Mwalimu, siku ile ukumbini hukuona vizuri. Leo jua liko. Hili ni jiwe?"

Walter alisema kitu juu ya mambo ya zamani, na kwamba watu wamekuja kufurahi. Wageni walikuwa hawaelewi, wakaanza kuulizana. Wachache walioelewa, waliokuwa ukumbini, walitazama chini kama walivyotazama wakati ule. Mzee wa nyatiti hakujua habari yoyote ya shule, alijua kazi yake tu, na kazi ilikuwa imesimama.

"Mwalimu, jibu mama," alisema. "Nyuzi inapoa."

"Ni pesa," Walter akasema.

"Hawa wa nyuma hawajasikia," Maximilla akamwambia.

Walter alijifuta uso kwa leso. Kisha akasema kwa sauti ambayo haikubembeleza mtu, "Ni pesa. Hata siku ile ilikuwa pesa."

Ikamtoka hivyo, mbele ya mke wake, walimu wake wapya na nyama yake. Mimi nililia, na kulia kwangu kulikuwa hasira tupu, maana neno lenyewe lilikuwa fupi kiasi hicho, na alikuwa nalo kinywani muda wote huo.

Maximilla hakumwongezea kitu. Alimrudishia mzee sarafu yake. Mzee akaiweka miguuni, akakaza uzi mmoja, akamwuliza kama wanavyouliza wapigaji wote wanapotaka kumwimba aliyetupa, "Nikuite nyar wapi?"

"Nyar Kisumu," akasema.

Mzee hakucheka wala hakuuliza tena. Alipiga nyuzi, akaanza kumwimba Maximilla nyar Kisumu, na akina mama waliokuwa jikoni wakatoka kucheza. Walter alikuwa bado amesimama palepale katika uwanja wake, leso mkononi, akisikiliza.